Injini Usiipakie

S.L.P. 4417,
Mikindani,
Mombasa.

6 Oktoba 2024

Mpendwa mwanangu Velma,

Pokea salamu zangu mimi baba yako mdogo, pamoja na za Josephine, ambaye ameketi hapa pembeni akimenya viazi na kunitupia jicho kila kalamu inaposimama. U hali gani huko Leeds? Kile kifua kimepona? Mara ya mwisho tulipozungumza ulikuwa ukikohoa katikati ya kila sentensi, nawe ukasema ni baridi tu. Wauguzi mna tabia ya kuwatibu watu wote isipokuwa nyinyi wenyewe. Tafadhali vaa nguo nzito, na ukitoka zamu ya usiku ule kitu cha moto kabla ya kulala.

Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Goti langu la kushoto limekuwa na ukaidi, hasa nikipanda ngazi za kanisani. Sukari ya Josephine imetulia. Mvua za vuli hatujaziona. Mawingu yanakuja juu ya Mikindani, yanatuangalia, kisha yanakwenda kunyesha kwa wengine.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya mtu katika nyumba hii haiwi yake peke yake, na haya ninayotaka kukwambia hayafai kusomwa na mtu akiwa amesimama kwenye foleni ya basi. Barua nimempa Valarie, binti wa jirani yetu, anayekuja huko kusoma. Nimemwomba akukabidhi mkononi.

Nina habari mbili mbaya. Ya kwanza ni ya gari, nayo umekwisha kuisikia nusu. Ya pili ni ya macho ya baba yako, nayo hujaisikia kabisa, maana yeye mwenyewe amenikataza nisikwambie. Macho yanapotea, Velma. Nimeandika hivyo waziwazi ili usisome kurasa zote hizi ukingojea nitasema nini. Lakini naomba univumilie nianze na gari, kwa kuwa bila gari hutaelewa kwa nini hataki kwenda hospitali.

Ile Capri ya baba yako unaijua, lakini mwalimu hawezi kuanzia katikati. Baba yako aliikuta nyuma ya ghala moja la Changamwe, mwaka uliofuata baada ya kustaafu ufundi wa winchi bandarini. Ilikuwa bodi tu, na injini yake ya silinda sita imelala ndani kama mgonjwa asiyejigeuza. Matairi hakuna, vioo hakuna, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Mtu mwingine angeona vyuma chakavu. Baba yako aliona ile boneti ndefu, akasema ndilo gari alilolitamani tangu ujana wake, alipokuwa akiyatazama magari ya mashindano yakishushwa melini.

Kuna chama cha wapenda magari ya zamani ambacho kila Desemba hukodi barabara ya ndani ya shamba moja la mkonge upande wa Kilifi, wakashindana. Si watu wakubwa. Wengi wao ni wastaafu, mafundi na wenye maduka, na mshindi hupewa kikombe na mbuzi. Sharti lao moja ni kwamba gari litumie injini ya aina ile ile lililotoka nayo kiwandani. Ndiyo sababu hatukuweza kufanya kama wanavyofanya vijana, kuchukua injini ya Toyota iliyogongwa na kuipachika. Ilibidi kuifufua ile ile.

Tumeifufua kwa mabaki. Viti vimetoka kwenye Probox iliyopinduka Mazeras. Mikanda ya usalama tulipewa na mtu wa kanisani. Yule fundi wa kuchomelea, Wafula, mtu wa Bungoma aliyefanya kazi na baba yako miaka yote ya bandarini, alitengeneza kizimba cha mabomba ndani ya gari, kile kinachozuia paa lisimponde dereva likipinduka. Walitaka kutumia mabomba ya maji. Nikapinga.

“Mwalimu, bomba ni bomba,” akasema baba yako.

“Bomba la maji lina mshono,” nikamwambia. “Gari likipinduka, mshono unafunguka.”

“Basi sitalipindua.”

Wafula alicheka mpaka akaweka chini mashine yake. “Huyu mzee, hata Mungu akimwita atamwambia angoje afunge boliti!” Lakini mwishowe walinisikiliza, tukapata mabomba ya boila yasiyo na mshono kwenye kiwanda kilichofungwa. Nakusimulia haya ili ujue kwamba hatukuwa wazembe. Kila kilichoweza kupimwa tulikipima.

Mwezi wa tano injini ikawaka. Laiti ungeusikia mngurumo ule! Watu wa mtaa mzima walitoka nje, na baba yako akasimama huku ameweka kiganja juu ya boneti. Sijamwona akiwa na furaha namna ile tangu siku ulipopata cheti chako cha uuguzi.

Sasa nikueleze maji, maana hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia. Injini ya chuma ina mifereji ndani ya kuta zake, na maji hupita humo yakizoa joto na kulipeleka kwenye rejeta ya mbele lipozwe na upepo. Ubavuni mwa injini mna vizibo vyembamba vya bati vinavyoziba mifereji hiyo. Ukitia maji safi yenye dawa yake, injini itaishi. Ukitia maji ya chumvi, kutu huanza siku hiyo hiyo, hula vile vizibo kutoka ndani mahali usipoona, na magamba yake huziba rejeta. Injini inaendelea kunguruma vizuri huku inaoza.

Nyumbani kwenu unavyokumbuka kuna kisima uani, cha maji ya chumvi, ya kufulia na kuogea. Ya kunywa ni ya mfereji, na mitungi yote huwekwa stoo. Mama yako ana utaratibu wake: mitungi ya njano ni ya kisima, mitungi myeupe ni ya maji matamu, wala hakuna mtoto aliyelelewa katika nyumba ile asiyeujua. Mwezi wa saba mifereji ya mtaani ilikauka wiki nyingi, maji matamu yakawa ya kununua kwa wenye mikokoteni. Baba yako akaendelea kusema gari halina budi kupata mitungi myeupe. Mama yako hakunyamaza.

“Yaani gari linywe maji matamu, sisi tunywe ya kisima?”

“Gari halilalamiki,” akajibu baba yako.

“Ndiyo maana unalipenda.”

Tulicheka sote, hata yeye. Laiti ningejua maneno yale yatakuja kumtia mama yako hatiani.

Mwezi wa nane tulilipeleka lile gari kwenye barabara iliyo nyuma ya maghala, siku ya Jumapili ambapo malori hayapiti. Baba yako aliendesha. Mzunguko wa pili mvuke ulitoka, kisha kishindo, kisha kimya. Tuliivuta hadi nyumbani, na Wafula alipoifungua uani tulikuta matope ya rangi ya kahawia na ukoko mweupe. Aliukwangua ule ukoko kwa kidole akauweka ulimini.

“Mzee, hii ni chumvi. Tena si ya jana.”

Vizibo viwili vilikuwa vimetoboka, maji yakatoka yote, na joto likapasua injini katikati ya silinda mbili. Chuma cha namna ile kikipasuka hapo hakuna wa kukirudisha. Wafula alijaribu kuangalia kama pana mahali pa kuchomelea, akaishia kutikisa kichwa na kufuta mikono yake kwa muda mrefu.

Baba yako akageukia mlango wa jikoni. “Umelinywesha kisima,” akamwambia mama yako.

“Mimi?”

 Hakuna aliyemtetea mama yako, kwa sababu maneno yake ya mwezi wa saba kila mtu aliyakumbuka. Siku ya tatu alifunga nguo zake akavuka feri kwenda kwa dada yake Kache, kule Shika Adabu. Wewe uliambiwa amekwenda kumsaidia Kache aliyevunjika mkono. Kache hakuvunjika mkono, mwanangu.

Ni baada ya hapo ndipo baba yako alipokupigia kuhusu injini nyingine, nawe kwa moyo wako mwema ukaitafuta, ukampata yule mzee wa huko mwenye injini ghalani kwake. Nasikia umekwisha kuongea na watu wa kontena. Soma vizuri yanayofuata.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama, saa sita mchana, jua kali. Alikuwa peke yake na amefurahi kuniona. Nikamwambia nina kiu. Akasema keti, Mwalimu, leo mimi ndiye mama wa nyumba. Akaingia stoo akaburura mtungi hadi barazani, akanimiminia bilauri, akanipa kwa mikono miwili kama tulivyofunzwa na mama yetu. Nikanywa. Ilikuwa chumvi tupu.

Nikauangalia mtungi. Ulikuwa wa njano, Velma, njano ya kiini cha yai, umewekwa katikati ya baraza kwenye mwanga wote wa mchana.

“Kaka,” nikamwambia, “mtungi huu ni wa rangi gani?”

“Mweupe. Kwani maji yana nini?”

Nikamrudishia bilauri aonje mwenyewe. Akaonja, akainama, akausogelea ule mtungi mpaka uso wake ukakaribia kuugusa. Kisha akakaa chini sakafuni. Baadaye tulipouliza, Jerioth, yule msichana anayekuja kufua, alisema kwamba tangu mwezi wa sita alikuwa akihamisha mitungi anapofagia stoo. Baba yako alikuwa akiichukua kwa mahali ilipo, kwa kupapasa. Upande wa kulia, myeupe. Hakuna aliyemwambia kwamba kulia na kushoto vimebadilishana.

Wewe umesomea mambo haya, lakini vumilia nieleze nilivyoona. Nilimketisha kwenye kiti, nikamwambia aangalie mlango wa choo cha uani asihamishe macho. Kisha nikaleta spana kutoka pembeni polepole na kumwomba aseme anapoiona. Mwenye macho mazima huiona ikiwa karibu na sikio lake. Yeye hakuiona mpaka ilipofika mbele ya pua. Upande wa kushoto ni vivyo hivyo. Katikati bado anaona, na ndiyo sababu ametudanganya sote muda mrefu: akikuangalia usoni anakuona, anasoma saa, anatia nati kwenye boliti. Lakini anaitazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hata humo ndani ya bomba rangi zimeanza kufifia. Babu yetu alikufa kipofu, na wazee walisema ni uzee. Nadhani ilikuwa presha ya macho. Wewe utajua zaidi.

Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu mwaka jana, alipoigonga nguzo ya lango kwa baiskeli na kusema ni breki.

“Twende hospitali kesho,” nikamwambia.

“Nitakwenda baada ya mbio.”

“Mbio gani, kaka? Injini imekufa.”

“Velma analeta nyingine. Nikishaendesha mara moja, unipeleke unakotaka. Lakini daktari akinitia machoni kile kitochi chake kwanza, ataandika nisiendeshe. Akishaandika, basi, nimekwisha.”

“Na usipoona kona?”

“Kona huwa iko mbele. Mbele naona.” Akacheka kidogo. “Umestaafu, Mwalimu. Acha kufundisha.”

Halafu akanishika mkono akaniomba nisikwambie wewe. Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri wiki tatu, na jibu langu ni barua hii.

Nilivuka kwenda Shika Adabu kumwomba mama yako radhi kwa niaba yetu sote. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akiwa anachambua mchele, hakuinua uso.

“Kwa hiyo, shemeji, mimi niliitwa muuaji wa gari na mtu asiyeona mtungi.”

“Ndiyo, shemeji.”

“Na sasa nirudi nikamwongoze njia.”

 Amerudi, lakini si kwa sababu amesamehe. Amerudi kwa sababu ameona hawezi kumwacha mtu wa namna ile na jiko la gesi. Anampikia, anampangia viatu, anamwachia mlango wazi. Kuongea naye haongei zaidi ya lazima. Baba yako naye hajamwomba radhi. Kila akianza huishia kuzungumzia injini. Nyumba yenu imekuwa na ukimya ambao sijui kuueleza, mimi ninayejidai kueleza kila kitu.

Sasa tazama fundo lenyewe. Hataki kwenda hospitali mpaka aendeshe. Hawezi kuendesha bila injini. Injini ilikufa kwa sababu ya macho yale yale anayokataa kuyapeleka hospitali. Na injini nyingine iko mikononi mwako. Ukiileta, ataendesha. Ile barabara ya mkonge haina ukuta wala kamba. Magari huondoka manne manne, na watoto wa wafanyakazi wa shamba hujipanga pande zote mbili kushangilia, wakavuka kila wanapoona nafasi. Nilisimama pale mwaka juzi, nikawaona. Mtoto akitoka pembeni, baba yako hatamwona mpaka awe mbele ya boneti. Usipoileta, atakaa akiingojea, na kila mwezi unaopita ni macho ambayo hayarudi, maana niliyosoma yanasema dawa huzuia tu yaliyobaki, hairudishi yaliyokwenda.

Nimewafundisha watoto fizikia kwa miaka mingi, nikiwaambia kila swali lina njia ya kulitatua ukitulia nalo. Hili nimetulia nalo, nimeligeuza, nimeamka nalo na kulala nalo. Sioni njia ambayo baba yako anatoka nayo akiwa na furaha. Niliwaza tuwaambie watu wa chama wamkatalie, lakini Wafula anasema atatafuta chama kingine, na Wafula anamjua kuliko mimi. Mchungaji alijaribu kwa upole akaonyeshwa kizimba na jinsi kilivyo imara. Niliwaza pia tumwache aendeshe peke yake uwanjani, pasipo watu, ili atimize haja yake. Akasema hiyo ni kuegesha, si mbio.

Kwa hiyo nakuomba, injini usiipakie. Kama imekwisha kufika kwa watu wa kontena, waambie waishushe.

Wala usimpe uongo. Usimwambie imeuzwa kwa mwingine au mizigo imekuwa ghali, kwa sababu ataanza kutafuta nyingine, nawe unajua kutafuta ni kipaji chake. Ongea kwanza na kliniki ya macho, kisha mpigie jioni akishakula. Mwambie unajua habari ya macho. Mwambie ni mimi niliyesema. Mwambie injini haiji, si mwaka huu wala mwaka mwingine, na kwamba umekwisha kuongea na kliniki ya macho. Wewe ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kumkatalia neno, na ndiyo maana labda kukataa kwako atakusikia. Nasema labda. Sitaki kukupa matumaini nisiyokuwa nayo.

Najua nini kitafuata. Atakata simu. Atakuja hapa kwangu akiwa na fimbo ya mtu anayejifanya haihitaji, asimame mlangoni aniite msaliti, na huenda hiyo ikawa mara ya mwisho kuniita jina lolote. Sisi tumebaki wawili tu katika watoto wa Kenga. Nimelipima jambo hilo pia. Lakini nikiweka upande mmoja ndugu yangu amekaa barazani ananichukia, na upande mwingine mtoto wa watu amelala barabarani na baba yako anauliza amegonga nini, nachagua kuchukiwa.

Huenda hata baada ya hayo yote asiende hospitali. Nakwambia ukweli ili usije ukajilaumu. Kuna uwezekano mkubwa tutampoteza gizani kidogo kidogo, akiwa na hasira nasi, na ile Capri imekaa chini ya turubai bila injini. Hayo tunaweza kuyabeba. Lile jingine hatuwezi.

Ukiweza kupata likizo, usingoje Desemba. Njoo angali anaweza kukuona ukisimama mbele yake.

Mama yako anakusalimu sana. Anasema usimtumie viatu vingine, alivyo navyo vinatosha. Kache, dada yake, anakusalimu kwa mikono miwili mizima. Wafula anauliza kama kweli huko mafundi hupumzika Jumamosi. Josephine anakubusu na kukukumbusha kuomba. Salamu za baba yako sina. Hajui kwamba naandika, nami sikutaka kumtungia.

Mungu akulinde katika zamu zako, na akupe ulimi mpole na mgumu siku utakapompigia.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye tangu ulipozaliwa,

Gedion Kenga